Safu ya Saba

Daftari la darubini lilikuwa na safu saba:
tarehe, saa, nyota, pembe, mwanga, joto,
na ya mwisho, kwa mwandiko wa Nsajigwa fundi mitambo:
wingu.
Alijaza kwa penseli. Hakuna. Kidogo. Tele.
Usiku mmoja aliandika: tele mno, nimelala.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne.
Juu ya paa la idara, kule Mlimani,
nilisubiri nyota moja ififie.
Ndivyo sayari ya mbali inavyojulikana: yenyewe huioni,
ila hupita mbele ya jua lake kama mdudu mbele ya taa,
mwanga unapungua, labda sehemu moja ya mia,
kisha unarudi kana kwamba hapakupita mtu.
Nikiingiza takwimu kwenye kompyuta
niliiruka safu ya saba.
Wingu ni taka. Wingu ni kile unachofuta ili uone.

Mama, kule Kigogo, aliniuliza swali moja miaka mitano:
"Namsifu, hizo nyota zinalipa lini?"

Hazikulipa. Nikashuka paa, nikapanda lifti,
ghorofa ya kumi na moja, kampuni ya simu,
kiyoyozi, kitambulisho shingoni kama mbuzi wa mnada.
Kazi: kusoma miamala.
Elfu mbili, nauli. Elfu saba, luku.
Elfu tano imetumwa, imerudishwa, imetumwa tena
(hapo pana ugomvi, sikuutia kwenye ripoti).
Nikaujua mji kwa mapigo yake:
Mbagala inaamka kabla ya adhana,
Kariakoo saa nane mchana haina nafasi ya kumeza mate.
Wakubwa walitaka wezi. Niliwapa wezi.
Mshahara ukaezeka upya nyumba ya mama, bati la rangi ya damu ya mzee.

Kisha usiku mmoja wa Aprili
mnara wa Jangwani ulififia.
Haukuzimika, ulififia,
polepole, kwa mteremko ule ule
nilioukodolea macho juu ya paa.
Kitu kisichoonekana kilikuwa kinapita mbele ya watu.
Nikakiinamia kioo, moyo ukinienda mbio, nikafurahi.
Mungu anisamehe, nilifurahi sekunde nne nzima
kabla ya kukumbuka Kigogo iko wapi.

Asubuhi nilimkuta mama juu ya bati lake jipya,
yeye, jirani, redio, na kuku wawili.
Simu ilikuwa imekunywa maji.
Hakulia. Aliniuliza tu:
"Ulikuwa unatazama wapi?"

Siku hizi nasoma mvua.
Ofisi yetu Ubungo ina feni moja, nayo inachagua wa kumpuliza.
Natafuta mawingu ya usiku juu ya jiji hili, ya miaka ile,
niyalinganishe na kimo cha Mto Msimbazi.
Nimebisha hodi kila kabati. Hayapo.
Nani anahifadhi taka?

Nikampigia Nsajigwa. Amestaafu, anafuga kambale Kibamba.
"Madaftari? Ninayo yote kumi na moja.
Mjukuu anachorea. Karatasi zile ngumu, nzuri."
Alinikabidhi kwenye mfuko wa chakula cha samaki.

Sasa naingiza takwimu upya,
safu sita naziruka.
Hakuna. Kidogo. Kidogo.
Hapa lori la mtoto, magurudumu matano, limepita juu ya Novemba.
Tele. Tele.
Nimeufikia na usiku ule mwingine.
Nimetazama kumbukumbu za mto: kesho yake
maji yalivuka daraja.

Kompyuta inadai namba, haipokei maneno.
Hakuna ni sifuri. Kidogo ni moja. Tele ni mbili.
Tele mno, nimelala —
mshale unapepesa kwenye kisanduku kitupu,
feni imegeukia upande wangu,
na bado sijajua niandike ngapi.