Jino la Mita Mbili

Kazi yangu kupandisha tabasamu.
Nalipandisha kwa kamba na kapi, pale Tazara,
mita kumi na mbili juu ya vumbi na honi,
na ukimwona mtoto yule wa juisi
ujue jino lake moja la mbele
linanizidi kimo.

Kutoka chini ni jino.
Kutoka kwenye ngazi, pua yangu ikiligusa,
ni vidoti: buluu, waridi, manjano kidogo,
na weupe wenyewe haupo,
weupe ni turubai tupu
pale mashine iliposahau kupaka kitu.

Na chini kabisa, pembeni, karibu na nguzo ya taa,
yapo maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Barabara ya Mandela nzima haiyaoni.
Nayasoma mimi, huko juu, peke yangu:
Ladha ya embe. Haina embe.

Siku ya kwanza nilicheka hadi Pazi, aliyeshika kamba,
akapiga kelele, "We Mwinshehe, utatuua!"

Jumatatu sikucheka.
Jumatatu nilikuwa kwenye benchi, hospitali ya Temeke,
Zamoyoni begani, shavu limeumuka kama andazi,
miaka sita, magego mawili meusi kama mbegu za stafeli.
Tabibu akauliza, anakunywa nini shuleni?
Nikataja jina. Nililitaja vizuri,
na kibwagizo chake, na ule mkato wa sauti mwishoni,
kama niliyelipwa.
Tabibu hakuinua macho. Akaandika.
"Na wewe baba, kazi yako?"
Nikasema, fundi.
Hakuuliza fundi wa nini. Mungu ampe umri.

Kizuri chajiuza, walisema,
kibaya chajitembeza.
Hawakujua kitapanda ngazi.
Hawakujua kitapandishwa na mimi,
kwa elfu ishirini na chapati mbili.

Sihubiri, jamani. Muwa nao una sukari,
na mimi huutafuna hadi taya ziume.
Na babu yangu wa Kisarawe, mtu wa chumvi na mkaa,
aliyecheka kila mwenye dawa ya meno,
alikufa na meno matatu.
Nasema tu: muhogo mbichi haujawahi kuniimbia.
Karanga hazijawahi kuniahidi marafiki.
Mtindi wa Mama Ngonyani umekaa kwenye ndoo,
mchachu, kimya,
wala haujiiti stroberi.

Kampuni ikibadilisha tangazo, la zamani ni letu.
Ndiyo posho. Pazi kaezekea banda la kuku.
Mimi nimelitandaza uani, Yombo, uso juu,
na Siwatu kamwaga juu yake dagaa wa Feri
waliochemshwa na chumvi,
wakauke.

Mtoto yule bado anacheka.
Anacheka na dagaa elfu juu ya meno yake,
kila mmoja na jicho lake, na mfupa wake mdogo
ambao hakuna aliyeuandikia wimbo.

Zamoyoni, mapengo mawili,
kachuchumaa ukingoni mwa mdomo ule
na fimbo ya kufukuzia kunguru.
Anaokota dagaa, anamtafuna na kichwa chake,
upande wa kushoto, usiouma.

"Baba, huyu anakula nini?"
Hali kitu, nikasema. Huyu ni picha.

Akafikiri.
Kisha akamsogezea dagaa watatu,
akawapanga vizuri
katikati ya ulimi.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi napandisha mwingine.
Wa biskuti.