Jibu kwa Shemeji Aliye Ndola

Chilufya, ujumbe wako uliingia
simu ikiwa na asilimia nne,
na Kamalondo nzima giza tangu juzi.
Unasema nyinyi mmekwisha kusaini.
Waganda wamesaini, Wanyarwanda wamesaini,
na sisi, wenye jiwe lenyewe,
bado tunanunua mishumaa kwa rejareja.
Ukamalizia na vile vichwa vitatu vya njano vinavyocheka.

Nilicheka pia. Kisha chaji ikaisha.

Basi nakujibu kwa kalamu.
Nina friji kumi na moja zimelazwa uani,
milango wazi kama vinywa kwa daktari wa meno.
Kompresa naibadilisha nimefumba macho,
lakini kama mgonjwa amepona
siwezi kujua mpaka umeme urudi.
Mama Ngalula amekuja mara tatu leo.
Katoni mbili za tomsoni zinamwozea
na ananitazama kana kwamba Sneli ni mimi.

Babu Kapemba alilichimba jiwe hilo, Shinkolobwe.
Jina lake hakuambiwa.
Aliambiwa: zito, angalia mguu.
Alisimulia rangi tu: kiini cha yai upande huu,
kijani cha kuvu upande ule.
Likapanda treni. Yeye akarudi kambini,
akawasha koroboi.
Mwanga umepita mlangoni kwetu, shemeji,
sisi tukauziwa kiberiti.

Kwa hiyo usinione mkaidi.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, najua,
lakini fundi anayeshtuka akiona waya uchi
si mwoga huyo. Ni fundi.

Niambie: kinu chenu mtakipoza kwa maji gani
mwaka ambao hata Kariba inaonyesha mbavu?
Mkopo ataulipa mtoto wa nani?
Na majivu yake,
yale wanayosema hayapoi
hata wajukuu wa wajukuu wakiota mvi,
yatalala kwa nani?
Isije ikawa zamu yetu tena
kwa sababu tumeshazoea kulala na mashimo.

Monga, kijana ninayemfundisha kazi, hataki maswali yangu.
Ana miaka kumi na tisa, na usiku wote aliousomea
umenuka nta.
Jana kachana katoni ya friji,
akachora kinu juu yake kwa makaa:
kuba, bomba, nguzo zinazovuka Kasumbalesa
bila kusimama kwa mtu wa forodha.
«Patron, nchi nne, moto mmoja.
Sisi tulete jiwe, wengine maji, wengine walimu.»
Na funguo? nikamwuliza.
Akakaa kimya, akalamba kidole, akafuta kitu.
Kisha akachora mlango wenye kufuli nne.

Sikumwambia kwamba kwa kufuli nne
mmoja akinuna, wote gizani.
Nilitazama mkono wake. Hautetemeki.
Mimi katika umri wake nilikuwa nachora ndege tu.

Ngoja

Saa tisa usiku. Umerudi.
Mtaa umeruka kitandani kama umeitwa kwa majina:
huyu anapiga pasi sare za watoto,
yule anajaza mapipa, pampu inakohoa mchanga,
kinu cha unga wa bukari kimeanza kelele zake pale kona.
Nimekimbia uani na kitambaa kiunoni.
Tisa zimenguruma. Mbili kimya.
Ya Mama Ngalula ni mojawapo ya hizo mbili.

Nitamwambia asubuhi. Au Monga amwambie.

Chilufya, mkianza kweli kujenga, mtafutieni kijana huyu nafasi,
hata ya kufagia, mradi awe ndani ya uzio
pale watakapokuwa wanagawa funguo.
Nami, ukivuka mwezi ujao, niletee mita thelathini za waya.
Wa shaba halisi.
Hapa Lubumbashi, nikitoka nje tu
bomba la moshi la kiwanda cha shaba linanitazama,
lakini dukani wanatuuzia waya wa bandia
unaoyeyuka kabla ya chai kuchemka.