Kilomita ya Mia na Kumi na Nne

Sajini Ercilia Choque haongei kabla ya saa mbili.
Anaegesha gari nyuma ya bango la mgodi,
anafuta kioo cha tochi kwa pindo la shati,
kisha tunasubiri,
yeye na chupa yake ya chai ya majani machungu,
mimi na miezi yangu miwili ya utrafiki.

Barabara ya kutoka Calama kushuka Tocopilla
imenyooka mpaka inachosha macho.
Mvua haijui njia ya huku. Hakuna mti
wa kumficha dereva wala wa kumficha askari.
Kuna vijumba tu, kando ya lami,
vidogo kama vizimba vya njiwa,
kila kimoja pale mtu alipokata roho,
na mbele yake chupa za maji, bendera ya timu,
kibao cha namba za gari, kiatu kimoja.
Nilihesabu arobaini na tatu, nikaacha.
Sajini hahesabu. Anavijua kwa majina.

Saa nane na robo mchana, lori la mabamba ya shaba.
Tochi ikasoma mia na nne penye themanini,
lakini si mwendo uliomtoa Sajini kitini.
"Tazama matairi," akasema.
Ya kulia yalikuwa yanalamba mstari wa pembeni,
yanauacha, yanaurudia, yanauacha,
kama mtu anayesinzia ibadani.

Nolberto Huanca, miaka hamsini na tisa.
Leseni halali, bima halali, pumzi safi kwenye kipimo.
"Umelala lini?"
"Jana."
"Jana ipi?"
Akacheka kidogo.

Mimi nilikwisha kushika kalamu.
Faini ingeandikwa, risiti ingetoka,
naye angerudi barabarani na usingizi wake, kisheria kabisa.
Sajini akanyoosha mkono. "Funguo."
"Meli inaningoja, afande. Nikichelewa wananikata posho."
"Funguo."

Akazitia mfukoni, akamwonyesha kitanda nyuma ya kiti.
Mzee alitukana, akatukana polepole,
kisha akakoroma.

Redio ikauliza tulipo.
"Mia na kumi na nne. Ukaguzi wa gari unaendelea."
Saa ya kwanza. Saa ya pili. "Bado tu?"
"Gari ni refu," akajibu.

Nikashuka kunyoosha miguu. Nyuma yetu
palikuwa na kijumba cha buluu, rangi ya mwaka huu,
na Sajini amepiga goti, anajaza maji chupa iliyokauka.
Jina limeandikwa kwa mkono: Yasna.
Nilitaka kuuliza ni nani.
Aliponitazama, nikauliza kama chai imebaki.

Saa kumi na moja na nusu Nolberto akaamka,
mkunjo wa mto umechoreka shavuni. Hakushukuru.
Sajini akampa funguo, na faini juu yake,
hakusamehe hata peso.
"Nimelala wee, na bado unaniandikia?"
"Usingizi ulikuwa wa bure. Mwendo ndio unaolipiwa."

Lori likaondoka. Nikalipiga tochi kwa mazoea:
sabini na nane.
Sajini hakugeuka. Alikuwa ameshafungua daftari,
na penye safu ya Matukio akaandika
neno ambalo kwa miezi miwili nilidhani ni la uvivu:
Hakuna.