Kipandio cha Kumi na Moja

Saa tisa usiku simu ya kituo cha pampu ililia.
"Moin," akasema Hinrich Ubben,
salamu yetu ya neno moja, ya alfajiri na ya usiku wa manane,
kisha, bila kupandisha sauti: "Cha tisa."

Hakuomba mashua.
Alikuwa akihesabu vipandio vya gati mbele ya mlango wake,
vya mawe, kumi na viwili, vyenye kijani cha mwani hadi cha nne,
na cha kumi na mbili ndicho kizingiti chake.

Nje, Januari ilikuwa imeshika bahari masikio
ikiisukuma mdomoni mwa mto.
Bamvua, na juu ya bamvua upepo wa kaskazini-magharibi,
na juu ya upepo mvua. Theluji haiji siku hizi,
imeiachia mvua zamu yake.
Lango nililifunga tangu saa mbili.
Lango likifungwa, bahari hubaki nje,
lakini mvua yetu nayo hubaki ndani,
na Emden umekaa kama bakuli chini ya bomba.
Kwa hiyo pampu nne. Ya tatu inakohoa.
Nikaipiga teke palepale marehemu Tjark alipokuwa akiipiga,
ikakubali.

"Cha kumi."

Utotoni mwake, cha saba kilikuwa hadithi ya kutunzia wajukuu.
Baba yake alichonga tarehe kando ya jiwe,
akapuliza vumbi, akamwambia:
Maji haya hutayaona tena.
Ameyaona mara kumi na tisa.
Mwaka juzi aliacha kuchonga. Patasi imekuwa butu, alisema,
patasi niliyoinoa mwenyewe.

Tumelelewa tukiambiwa: asiyejenga tuta, ahame.
Basi nyufa tukaziba. Ukuta tukajenga hata hivyo.
Juu ya ukuta tukaongeza.
Na sasa Swantje wa idara ya matuta amekuja na vigingi vyekundu:
mita moja zaidi,
udongo utachimbwa malishoni kwa nyanya yangu.
Nikamwuliza, na baada ya mita hiyo?
Akavitazama vigingi vyake.
Begani alikuwa na doa la maziwa yaliyokauka,
mtoto wake ana miezi minne.

"Cha kumi na moja."

Kisha akanyamaza, simu ikiwa wazi.
Nikasikia saa yake ya ukutani, na kitu kikilamba,
taratibu, kama ng'ombe alambavyo jiwe la chumvi.
Nikasema, Hinrich, toka. Nikasema, basi panda juu.
Akasema, "Pampu yako ya tatu naisikia hadi huku.
Itie grisi."

Maji yaligeuka saa kumi na dakika ishirini.
Hayakuaga.

Saa mbili asubuhi nikaenda kwake na buti zangu.
Pipa la taka lilikuwa limekaa juu ya gari la jirani
kama kuku anayeatamia.
Gatini, tope, na kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto.
Kizingiti kilikuwa kikavu kwa upana wa kidole.

Ndani, chai ilikuwa tayari.
Jiwe la sukari, chai juu yake, likapasuka kwa mlio mdogo.
Akamimina krimu ukingoni, kinyume cha mwendo wa saa,
ili wakati usimame, kama tulivyofundishwa.
Na kwetu chai haikorogwi, ni mwiko:
kwanza ulaini, kisha uchungu,
na utamu unangoja chini kwa atakayefika.
Kijiko kazi yake ni kulazwa kikombeni
siku ukitaka kusema, imetosha.

Miaka themanini na minne.
Akachukua kijiko, akakitumbukiza,
akakoroga,
polepole, mpaka weupe ukaisha,
bila kunitazama.

Dirishani bahari ilikuwa imerudi kipandio cha tano.
Nikakoroga changu.