Mizani ya Isyonje

Tangu Jumatatu ya Pasaka shingo yangu imegoma kushoto.
Mtu akiniita upande ule nageuka mwili mzima,
kama lori la viazi linalotafuta pa kugeuzia
na utingo anagonga bodi: njoo, njoo, njoo.

Tusekile anacheka. Anasema enzi zako ulikuwa shingo feni,
haikupita sketi barabara ya Tukuyu usiisindikize.
Nami nacheka, kidogo,
maana kucheka nako kunavuta.

Gwakisa ndiye aliyenitajia Asajile kinyozi.
"Mimi alinikata mara moja tu," anasema,
na kichwa chake kinakwenda kulia, kushoto, juu,
kama kuku anayemeza maji.
"Kaa! Ukawa kama umetua lumbesa."
Kweli tupu. Nilimwona akitoka pale na machozi ya raha,
na jioni akapakia magunia kumi na mawili.

Ningeishia hapo ningelala usingizi.
Lakini nilikwisha kupita hospitali,
kwa Bi. Subilaga wa mazoezi ya viungo,
mwanamke mfupi, vidole baridi kama bomba la alfajiri.
Alichomoa kamba ya kiatu chake,
akaipitisha kwenye matundu ya vifungo vinne, akaviinua:
"Hii mifupa ya shingo. Huu mshipa, unapandisha damu ubongoni.
Mwenzake yuko upande wa pili."
Kisha akapindua kifungo kimoja, ghafla.
Kamba ikajikunja.

"Mara nyingi hapatokei kitu," akasema.
"Mara nyingi sana. Mtu huinuka, hulipa, hushukuru.
Ila mshipa ukichanika kwa ndani, damu huganda,
na bonge likipanda juu, ni kiharusi."
Wangapi?
"Wachache mno."
Katika wangapi?
Akatazama dirisha. Nje palikuwa na ukungu, hata mti hauonekani.
"Wanaohesabu wenyewe hawakubaliani."
Nilimpenda kwa jibu hilo.
Nilimchukia pia.

Akanipa taulo ya moto, kidevu ndani, hesabu kumi, achia.
Wiki sita.
"Na usibebe."

Usibebe!
Ada ya Ipyana ataibeba nani?

Mimi ni mtu wa mizani, miaka kumi na tisa.
Najua gunia la kilo mia linavyokaa kisogoni,
na najua kile kilemba cha nyavu wanachokishonea juu,
kilo arobaini zisizo na jina wala risiti.
Mnunuzi hupima gunia. Mkulima hupima gunia.
Shingo haijawahi kupandishwa kwenye ile chuma.

Basi nikakaa kwenye kiti cha Asajile.
Mikono yake ilinukia spiriti na mafuta ya nazi,
kiganja kimoja kidevuni, kingine nyuma ya sikio,
kwa upole, kama mtu anayechagua tikiti.
"Legeza, mjomba."

Nikapima.
Kitanga hiki: Gwakisa na machozi yake, magunia kumi na mawili,
usingizi wa ubavu wa kushoto, niliousahau ladha yake.
Kitanga kile: kitu kidogo kuliko mbegu ya pareto,
na ndani yake mimi mzima,
mkono unaoshika kijiko,
jina la Tusekile kinywani mwangu.
Kwa wote ni chepesi.
Kwa yule kitakayemwangukia hakuna mizani.

"Legeza."
Shingo haikulegea. Labda ilinisikia.
"Ninyoe tu," nikasema.
Akacheka, akawasha mashine.

Hii ni wiki ya tatu. Taulo, kidevu, hesabu kumi.
Usiku bado naikumbuka ile mikono,
na kuna saa naona nimejidhulumu.
Leo asubuhi ukungu ulifunguka,
nikageuka kushoto, taratibu,
nikaiona nusu ya Mlima Rungwe.
Gwakisa alikuwa kando yangu.
Yeye aliuona wote.

Nimebeba manne tu.
Bi. Subilaga asiambiwe.