Mgonga Mlango

Jana usiku wameionyesha, hatimaye,
sehemu ya mwisho ya ile tamthilia.
Nimeiangalia kwa Bi Mize Faki, Utaani,
mimi juu ya kiti cha plastiki, yeye kitandani,
mjukuu wake kaikumbatia rimoti
kama mtu aliyepewa amana.

Ninyi mliozaliwa umeme upo hamjui:
mchezo ule ulikuwa wa jukwaani.
Mazoezi tuliyafanya kwenye ghala la karafuu, hapahapa Wete,
hata kanzu ya Liwali ikanuka makonyo.
Pazia letu shuka za hospitali,
kaziunga fundi Shaame kwa cherehani ya mguu,
na mhuri wa wadi ya wazazi ukabaki pembeni, unasomeka.

Kisa chenyewe kifupi.
Liwali kaamuru: ikishaadhiniwa isha lango halifunguliwi,
agonge yeyote.
Ufunguo kampa mkewe,
na mkewe kaapa, mkono juu ya Msahafu.
Usiku huohuo mtoto wao anarudi na jeraha la ubavu.
Anagonga.
Mama anaujua mgongo wa mkono ule.
Hafungui.

Basi. Hakuna zaidi.

Sisi hatukumwonyesha mtoto.
Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mimi,
nyuma ya mlango mbovu tulioazima skuli,
na mchi wa kinu cha mama yangu nimeuviringa kitambaa.
Tatu za nguvu.
Tatu za kuomba.
Tatu za mtu anayejibembeleza alale.
Siku kumi na moja niligonga.
Watu wakilia upande wa pili, nawasikia,
siwaoni, hawanioni.
Mwisho walitoka wote kuinamia makofi,
Liwali, askari, hata yule aliyeshika kandili tu;
mimi nafungua kitambaa,
mchi unatakiwa nyumbani alfajiri, kuna mpunga.

Jana, basi, mtoto nimemwona.
Kijana mzuri, kichwa kimechongwa kwa wembe,
damu yake nyekundu kama juisi ya rozela.
Kamera imemsogelea hadi vinyweleo.
Anagonga, nasi tunaangalia ngumi,
ngumi nzima, ina pete,
na muziki umeshaanza kulia kabla yetu.

"Huyo hagongi kama mwana," akasema Bi Mize.
"Agonga kama mdai."
Mjukuu akacheka. Mimi sikucheka,
maana miaka arubaini na miwili
nimengoja mtu anisifu.

Yule mama wa kwenye tivii kalia vizuri, simnyimi haki yake.
Chozi lilitangulia jicho la kushoto, likang'aa.
Lakini Bi Mize hakuwa akilia.
Alikaa mkekani na ungo, anachagua mchele,
na kila nikigonga mkono unasimama,
kisha unaendelea.
Chuya huku, mchele huku.
Watu wazima walitoka ukumbini wakapishana na milango.

Mama kanyanyua ufunguo,
tangazo la sabuni likaingia.
Povu. Watoto wanakimbia. Shati kwenye kamba.
Bi Mize akanigeukia, macho yake yana ukungu,
sijui aliona kivuli changu au sauti yangu tu.

"Ile siku ya mwisho," akasema,
"baada ya zile tatu za kulala,
weye uligonga tena. Moja.
Haikuwamo.
Nami mkono ulishafika kwenye pindo la kanga, penye ufunguo.
Ulikuwa wataka nini?"

Shati likakauka, jeupe pe.
Nikamwambia mchi uliteleza.

Mjukuu akaongeza sauti, tamthilia imerudi.
Bi Mize hakuitazama.
Alikunja kidole kimoja,
akagonga ubao wa kitanda chake, mara moja,
akakaa kusikiliza.