Mifuniko ya Barabara ya Kumi na Mbili

Mwaka wa kwanza niliandika: mifuniko ya chuma cha kusubu,
kilo hamsini na mbili, duara, nyeusi, vipande mia mbili.
Ikaja, ikafunika, ikaibwa.
Mwaka wa pili nikanakili ya mwaka wa kwanza.
Mwaka wa tatu nikabadili tarehe.
Mimi, Hemedi Shekilindi, Kitengo cha Manunuzi, chumba namba sita,
nimelinunulia jiji la Tanga chuma kilekile mara tatu,
na mfuniko mmoja, naapa, niliununua mara mbili:
ulikuwa na kovu la tindo ukingoni, kama nyusi iliyopasuka.

Siku ya kufungua bahasha akaja Mwanamvua Kihiyo wa Mabawa
na kitu torolini, chini ya gunia.
Makapi ya mkonge, akasema, na ndoo za plastiki zilizokufa.
Nimeyeyusha, nimeshindilia. Fuso la kokoto limepita juu yake, haukulia.
Na mwizi je?
Ataupeleka wapi? Nani ananunua makapi kwa kilo?

Tukacheka. Tukafungua mwongozo.
Chuma: hapana.
Uzoefu wa miaka mitano: kitu chenyewe kina miezi minne.
Mauzo ya milioni mia: ana toroli.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
sisi tulimfunga na mabawa,
tukaandika kwa wino wa buluu: hakukidhi.

Wiki hiyohiyo vuli ikamwagika Ngamiani,
maji yakalaza shimo na lami kitanda kimoja,
na aliyetumbukia ni mimi,
mguu mmoja hadi paja, faili juu ya kichwa.
Muuza kahawa akanivuta kwa kola.
Hakuniuliza jina. Namshukuru.

Goti likiwa na bandeji, nikaandika upya, chuma sikukitaja:
Jiji lina matundu mia mbili na kumi.
Linataka kitu kizibe, kibebe tani kumi,
kisimteleze mja mzito, kisipate mnunuzi gizani.
Kimetengenezwa kwa nini, tuambieni ninyi.
Asiye na uzoefu alete kitu chenyewe, tutakipimia uani.

Mkaguzi akavua miwani: Hii zabuni au kitendawili?
Kitendawili, nikamjibu.
Miaka mitatu nimetega mwenyewe, nimetegua mwenyewe,
kisha nikalilipia jibu.

Zikaja bahasha saba. Moja ilinuka makumbi.
Mwanamvua akapewa thelathini za majaribio, malipo ya awali mkononi,
maana makapi hayakopeshwi na kiwanda.
Miwili ikapata ufa; akaibadilisha bila barua.

Kisha asubuhi moja, Barabara ya Kumi na Mbili,
tukaukuta mmoja umeng'olewa, umeegemezwa ukutani kwa adabu.
Mtu aliunyanyua usiku, akaupima kwa mkono, akauacha.
Tathmini fupi kuliko zote za kamati yetu,
na hakudai posho.
Nikaurudisha kwa mguu uleule.